Sam Ntiro, Mchoraji wa Machame Aliyefundisha Ugenini

Katika historia fupi ya uchoraji wa picha za rangi za mafuta katika Afrika ya Mashariki, hapana jambo lililoishughulisha fikira yangu zaidi ya hili: kwamba picha zilizoipatia nchi ya Kilimanjaro, pamoja na migomba yake, mifongo yake, yaani mifereji yake ya maji, na watu wake, nafasi katika majumba ya hazina za sanaa ya dunia, hazikuchorwa chini ya mlima huo. Zilichorwa na mtu aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akaondoka kwao angali kijana kwenda kutafuta elimu, na ambaye miaka iliyo bora ya umri wake aliipitisha katika miji ya watu, Kampala na London, akiwa mwanafunzi, kisha mwalimu, kisha mjumbe wa dola yake. Jina lake ni Sam Joseph Ntiro. Wanaomtaja aghalabu humtaja kwa cheo chake cha ubalozi, kwa kuwa vyeo hukumbukwa upesi. Mimi nataka kumtaja kwa uchoraji na ualimu, kazi mbili ambazo kwake zilikuwa moja, na nia yangu ni kuonyesha kwamba umbali kati yake na kwao ndio uliozaa picha zake, na ya kuwa kama angalikaa Machame maisha yake yote huenda tusingalikuwa nazo.

Machame iko katika nchi ya Wachagga, upande wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro, juu ya tambarare ambako maji ya mlima huteremka katika makorongo yenye kina. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika huko mwaka 1893 wakajenga kituo chao, na kwa kituo hicho ikaja shule, na kwa shule yakaja maandishi na vitabu vyenye picha. Kahawa nayo ilikwisha kuingia katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, ikapandwa kati ya migomba, na mwaka 1933, Ntiro akiwa mtoto wa miaka kumi, wakulima waliunda Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, ambacho sifa yake ilienea mbali. Basi mtoto aliyezaliwa wakati huo alikua katika nchi yenye mambo mawili yaliyokuwa bado hayajashindana mpaka moja likaondoka: upande mmoja wazee waliogawa maji ya mfongo kwa zamu, ukoo kwa ukoo, kwa kanuni zilizorithiwa, upande wa pili kanisa, daftari la shule, na mzani wa kahawa. Mtu anayekua katika hali hiyo huyaona ya kale kwa macho yake, na wakati huo huo hupata habari ya kwamba yanaweza kupotea. Habari hiyo hakuipata babu yake.

Wakati huo Tanganyika haikuwa na chuo cha elimu ya juu, na kijana aliyeitamani elimu hiyo hakuwa na budi kusafiri hadi Uganda, kwenye Chuo cha Makerere kilichosimama juu ya kilima kimojawapo cha Kampala tangu mwaka 1922. Ntiro aliingia huko mwaka 1944. Huko alimkuta mwalimu ambaye pasipo yeye habari hii isingekuwapo, naye ni Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, ambaye pia alikuwa mchoraji na mwalimu wa ugenini. Yafaa nikae naye kidogo, maana njia yake ya kufundisha ilikuwa ya shani, na alama yake imo katika kila picha ya Ntiro.

Bibi Trowell alisoma Slade, shule ya sanaa iliyo ndani ya chuo kikuu cha mji wa London, zamani za Henry Tonks, mwalimu aliyeogopwa na wanafunzi kwa ukali wa jicho lake juu ya umbo la binadamu. Kisha alisomea ualimu kwa Bibi Marion Richardson, ambaye madhehebu yake katika sanaa yalikuwa mengine kabisa: aliamini kwamba mtoto amebeba picha ndani yake, na kazi ya mwalimu ni kuiamsha kwa maneno mpaka ionekane katika nafsi kabla ya kuonekana katika karatasi. Mwaka 1929 Bibi Trowell alifika Kenya pamoja na mume wake tabibu, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Katika miaka iliyofuata alianza kuwafundisha watu kuchora na kufinyanga barazani kwake, kwa hiari yake. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, na mwaka uliofuata zikavuka bahari kuonyeshwa London, jambo ambalo kwa siku zile lilikuwa kubwa. Kutokana na baraza hiyo ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake.

Somo lake lilikuwa hivi. Hakuweka mtungi juu ya meza akaamuru uchorwe. Aliwasimulia wanafunzi tukio, labda la sokoni, labda la mvua iliyowakuta watu njiani, labda la Injili. Akawataka wafumbe macho wasikilize, walione tukio lile kana kwamba linatokea kijijini kwao, wayaone mavazi, wauone mwangaza na mahali aliposimama kila mtu. Na walipokwisha kuona ndipo waliposhika brashi. Aliyefuzu katika somo hilo alikuwa amejifunza kuchora kitu kisichokuwapo mbele yake. Msomaji atazame jinsi mafunzo haya yalivyomfaa kijana wa Machame aliyekuwa amekaa Kampala: alifundishwa kwa makusudi ustadi ule ule ambao mtu wa ugenini anauhitaji, kukiona kilicho mbali.

Bibi Trowell hakukosa lawama. Alichelea kwamba picha za Ulaya zingewaharibia wanafunzi wake asili yao, na kwa hiyo hakupenda wazitazame sana. Na wako waliosema, tena kwa haki, kwamba hapana mtu mwenye idhini ya kumchagulia msanii mwingine vitu vya kutazama, hata akiwa na nia njema. Mwafrika aliyekuja chuoni kutafuta elimu yote hakupenda kupewa nusu yake. Naikubali lawama hiyo. Lakini sina budi kusema pia kwamba katika miaka ambayo wenye madaraka wengi hawakuamini kuwa Mwafrika anaweza kuwa mchoraji, mwanamke huyu aliamini, akafundisha, akapigania nafasi ya somo lake katika chuo, na mara alipopata wanafunzi waliofuzu aliwaweka wawe walimu kando yake. Wa kwanza alikuwa Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, mchongaji na mfinyanzi, ambaye mnara wake wa Uhuru wa mwaka 1962 umesimama katikati ya Kampala. Wa pili alikuwa Ntiro, aliyemaliza masomo yake mwaka 1947 na mwaka uliofuata akaanza kufundisha.

Hivyo shule ya sanaa ya Makerere, iliyokuwa katika nchi ya Uganda, ilikuwa na walimu watatu, Mwingereza, Mkenya na Mtanganyika, na hapana Mganda hata mmoja kati yao. Jambo hili si la bahati tu. Uchoraji wa namna hii katika nchi zetu ulijengwa tangu msingi na watu waliofundisha mbali na kwao, na mtindo huo uliendelea hata baada ya mipaka ya ukoloni kugeuka kuwa mipaka ya mataifa: Elimo Njau wa Marangu alikwenda kufanya kazi Nairobi, Maloba mwenyewe alirudi kwao kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Theresa Musoke, Mganda, ambaye alipata shahada ya sanaa Makerere, aliihama nchi yake katika zama za dhuluma ya Idi Amin akaishi miaka mingi Kenya akichora na kufundisha. Atakayeandika historia ya sanaa ya taifa moja moja katika eneo hili ataona kila mara kwamba uzi umekatika mkononi mwake, na mwisho wa uzi ule uko kwa jirani.

Mwaka 1952 Ntiro alikwenda London, akaingia Slade, shule ile ile aliyotoka mwalimu wake. Alikaa huko mpaka mwaka 1955. Hakuwa Mwafrika wa kwanza kupita katika mlango huo, maana Ben Enwonwu wa Nigeria alikwisha kumtangulia. Na kabla Ntiro hajaondoka aliwasili kijana wa Sudan, Ibrahim El-Salahi, aliyekuja kuwa mmoja wa wachoraji mashuhuri wa bara letu. Mkuu wa shule kwa wakati huo alikuwa William Coldstream, na njia ya Coldstream ilikuwa ya kupima. Mchoraji hukaa mbele ya mtu aliyekubali kukaa akachorwa, hunyosha mkono akashika brashi wima mbele ya jicho moja, hupima urefu wa uso kwa urefu wa bega, na kila kipimo hukitia alama ndogo katika turubai. Na kazi moja ingeweza kudumu miezi mingi, kwa kuwa hapana mstari uliokubaliwa ila umepimwa. Katika madhehebu hayo kukumbuka hakuna thamani. Jicho ndilo shahidi, na shahidi huyo huulizwa tena na tena.

Mtu aliyelelewa na Bibi Trowell hangeweza kutupwa katika hali iliyo kinyume zaidi ya hiyo. Natamani msomaji amfikirie Mchagga huyu, mwenye umri wa miaka thelathini, ambaye kwa miaka minne alikuwa mwalimu, sasa amekuwa mwanafunzi tena katika mji wenye moshi na ukungu, ambako jua la alasiri halina nguvu, ambako mtu anayekaa kuchorwa ni mgeni asiyemjua wala asiyejua habari zake. Alijifunza walichomfundisha. Lakini alipochora kwa nafsi yake alichora watu wa Machame: wakikata miti, wakienda sokoni, wakilima, wakibeba pombe. Na alipomaliza miaka yake akarudi Makerere, wenye kuzitazama picha zake waliona kwamba mtindo wake haukubadilika kwa kadiri waliyoitazamia. Rangi zilikuwa zile zile za kijani na udongo. Watu walikuwa wadogo, wengi, wamepangwa pamoja katika uwanda unaoinuka kama unatazamwa kutoka mahali pa juu. Nyuso zilikuwa nukta za rangi.

Wako waliofasiri hali hiyo kuwa ni udhaifu, wakasema ya kwamba Ntiro alipelekwa kwenye kisima akarudi na mtungi mtupu. Siafikiani nao, na hoja yangu naitoa katika kitabu. Mwaka 1953, Ntiro akiwa bado mwanafunzi London, Eagle Press ya Nairobi ilichapa kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Kitabu hicho kilikuwa kimoja katika mfululizo ulioandikwa na wenyeji wenyewe kueleza mila za makabila yao, na wasomaji wa lugha yetu wanaukumbuka mfululizo huo kwa heshima, kwa kuwa ndani yake watu wetu walikoma kuandikwa na wageni peke yao. Basi tazama: mtu yule yule, katika miaka ile ile aliyofundishwa kupima pua na bega kwa brashi, aliieleza mila ya watu wake kwa kalamu, na akaieleza kwa rangi katika turubai. Huyu hakushindwa kujifunza. Alijua kazi aliyonayo, na kazi hiyo ilikuwa ya kuhifadhi. Vipimo vya Coldstream vingemfaa kama angetaka kumwonyesha mtu mmoja jinsi alivyo saa moja katika chumba kimoja; yeye alitaka kuonyesha jambo linalofanywa na watu wengi, kwa desturi, mwaka hata mwaka, na jambo la namna hiyo halikai likachorwa.

Kwa sababu hiyo hata udogo wa nyuso katika picha zake una maana. Katika desturi mtu ni mshiriki. Anayebeba kibuyu leo alibeba baba yake, na atabeba mwanawe. Mchoraji aliyempa kila mbebaji uso wake na huzuni yake na furaha yake angekuwa anasimulia habari nyingine, labda bora, lakini si hiyo. Ntiro aliwapa watu wake mwendo, mpangilio, na mahali katika nchi. Alizipa thamani njia, miinuko na migomba, kana kwamba nchi yenyewe inashiriki katika shughuli. Mtu aliyelelewa mlimani atakubali kwamba ndivyo ilivyo huko, ambako nyumba ya jirani haionekani kwa migomba, ila husikika sauti.

Picha yake iliyo mashuhuri kuliko zote aliichora mwaka 1956, mwaka mmoja baada ya kurudi kutoka London. Ni ya rangi za mafuta, na upana wake ni kama nusu mita tu. Ndani yake wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi, usiku. Ili msomaji wa mahali pengine aelewe uzito wa jambo hilo, nieleze kwamba pombe hiyo, ambayo Wachagga wanaiita mbege, haikuwa kinywaji cha starehe tu. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa siku kadhaa, kisha ikatiwa kimea cha ulezi, na ladha yake hutiwa uchungu kidogo kwa gome la msesewa. Na kwa kuwa huchukua siku na mikono mingi, haiandaliwi ila kwa jambo linalowakutanisha watu. Posa haikwenda bila mbege, wala suluhu ya ugomvi, wala ibada ya wahenga. Kuibeba kwenda kwa wakwe kulikuwa ni kubeba neno la ukoo mzima. Mchoraji aliyechagua habari hiyo, tena akaichagua wakati wa usiku, ambapo rangi za mchana alizozizoea zinamkimbia na hana budi kuutafuta mwanga, alichagua mtihani wa ustadi wake wote.

Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, ambalo ni miongoni mwa hazina zenye jaha kubwa kuliko zote ulimwenguni kwa kazi za wakati wetu. Tanganyika ilikuwa haijapata Uhuru. Kabla dunia haijaiona bendera yake ikipandishwa Umoja wa Mataifa katika mji huo huo, watu wa Machame walikwisha kufika huko na pombe yao, wamebebwa na mwalimu wa shule ya Kampala. Naona fahari kubwa katika jambo hilo, na sioni sababu ya kuificha.

Kwa wakati huo Ntiro alikuwa amekwisha kuoa. Mke wake, Sarah Nyendwoha, alikuwa mwenyeji wa Bunyoro, na sifa zake hazikuwa chache kuliko za mume wake: ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kupata shahada katika Chuo Kikuu cha Oxford, naye aliporudi kwao akawa mwalimu, na alipoambiwa ya kwamba mshahara wake utakuwa pungufu kwa kuwa ni mwanamke, aliukataa mshahara wenyewe akafundisha bila malipo mpaka haya ziwaingie wenye amri. Walioana mwaka 1958. Nyumba hiyo ya walimu wawili, mmoja wa kaskazini ya Tanganyika na mwingine wa magharibi ya Uganda, yatosha kuonyesha jinsi Makerere ya siku zile ilivyowachanganya watu wa nchi zetu katika elimu na hata katika damu.

Uhuru wa Tanganyika ulipokuja Desemba 1961, serikali mpya ilihitaji watu wenye elimu kuiwakilisha, na hawakuwa wengi. Ntiro alipelekwa London kuwa balozi wa kwanza wa nchi yake huko, na kazi hiyo aliifanya mpaka mwaka 1964. Sitaikalia sana habari hii. Mchoraji aliyetoka London akiwa mwanafunzi alirudi akiwa na hadhi ya dola, na hapana shaka aliitumikia kwa taadhima. Lakini saa alizozitumia katika karamu na barua za serikali hazikutumiwa katika turubai wala darasani, na mimi, ninayezipenda picha zake, siwezi kuzihesabu saa hizo bila majonzi. Aliporudi nyumbani alikuwa Kamishna wa Utamaduni katika serikali, kisha akarejea kwenye ualimu, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako aliwafundisha vijana wa nchi yake mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuwafundisha wa nchi za watu. Alifariki mwaka 1993.

Huku nyuma, shule aliyoiacha ilikuwa imegeuka. Bibi Trowell alistaafu mwaka 1958, na nafasi yake ikashikwa na Cecil Todd, aliyetoka Afrika ya Kusini, mwalimu mwenye imani kwamba mwanafunzi wa Kiafrika apewe elimu yote ya sanaa ya dunia, elimu ya rangi na ya maumbo na historia ya wachoraji wa Ulaya, asizuiliwe kitu. Wengi walifaidika kwa Todd, na shule ilipanuka. Lakini ule msingi wa kufumba macho na kuliona jambo kabla ya kulichora ulififia, na Ntiro akabaki kuwa mwanafunzi kamili kuliko wote wa njia ambayo haikufundishwa tena.

Mmoja aliyeichukua njia hiyo akaipeleka mbali ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, upande wa mashariki wa mlima ule ule. Njau aliingia Makerere mwaka 1952 akatoka 1957, na kwa hiyo Ntiro alimkuta huko aliporudi kutoka London. Mwaka 1959 Njau alimaliza kuchora katika kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a, Kenya, habari za maisha ya Bwana Yesu katika picha tano kubwa, na aliiweka habari hiyo yote katika nchi ya Wakikuyu, kati ya miti na vilima vyao, watu wakiwa na sura za watu wa huko. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka waumini waliouawa katika miaka ya Mau Mau, mahali ambapo damu ilikuwa haijakauka katika mioyo; na ukutani Mchagga huyu aliwaonyesha Wakikuyu Masihi aliyezaliwa kati yao. Hapana anayeweza kunishawishi kwamba mgeni hana la kuwaambia wenyeji. Mwaka 1965 Njau pamoja na wenzake walianzisha Paa ya Paa, Nairobi, nyumba ya sanaa ya Waafrika wenyewe, ambako wachoraji wa nchi zote za jirani walipata ukuta wa kutundika kazi zao na mahali pa kukutana. Na hata moto ulipoiteketeza sehemu kubwa ya nyumba hiyo mwaka 1997, kazi yake haikufa.

Katika Dar es Salaam yenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Ntiro yuko katika serikali, mtu mwingine asiyepata kuingia darasa la sanaa alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao. Ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, na mtindo wake ukapata wafuasi na wanunuzi ambao wachoraji wa Makerere hawakupata kuwa nao. Watu hupenda kuwashindanisha. Mimi nimewatazama wote wawili, na lililonistaajabisha ni kwamba yule naye alikuwa amehama kwao, akiishi mjini kwa kazi za kibarua, na wanyama na ndege aliowachora hawakuwa mbele yake.

Yamebaki maneno ya wale wanaosema ya kwamba picha za Ntiro ni tamu kupita kiasi: kwamba katika kijiji chake hamna kodi, hamna bwana wa wilaya, hamna ugomvi wa ardhi, na watu wote wanakubaliana. Lawama hii ni nzito kuliko ile ya mtindo, na sitaki kuipita upesi. Mwezi wa Novemba 1951, karibu mwaka mmoja kabla Ntiro hajaingia Slade, Wameru, majirani wa Wachagga, walifukuzwa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu, nyumba zao zikateketezwa, na mwaka uliofuata mjumbe wao Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki. Machame haiko mbali na Umeru. Mchoraji wa Machame hakuweza kutoijua habari hiyo, na bado katika picha zake tunaona wakulima wanaofanya kazi kwa pamoja katika nchi isiyokuwa na adui. Natamani angaliichora Engare Nanyuki. Angalikuwa na uwezo: umati wa watu wadogo katika nchi kubwa, moto katikati ya kijani, ni jambo ambalo mkono wake ungaliliweza kuliko mkono wa mchoraji mwingine yeyote wa zama zake.

Lakini tusisahau mahali alipokuwa na watu aliokuwa akiwaonyesha. Wazungu waliozitazama picha hizo London na New York walikuwa wameambiwa miaka mingi kwamba Mwafrika hana utaratibu ila aliopewa na serikali ya kigeni. Ntiro aliwawekea mbele yao watu waliokuwa na utaratibu wao wa maji, wa kazi, wa posa na wa sherehe, na wala hapana Mzungu anayewasimamia. Kumwondoa bwana wa wilaya katika picha kulikuwa ni kusema jambo juu yake. Aliyetaka kuelewa angeelewa, na asiyetaka angefikiri ameonyeshwa kijiji kizuri.

Laiti mchapishaji mmoja wa kwetu angevitia kitabu kile cha 1953 na picha zile katika jalada moja, ili mwanafunzi wa Moshi, au wa Mombasa, au wa Kampala, asome katika ukurasa mmoja habari za posa na arusi za Wachagga kama Ntiro alivyoziandika, na katika ukurasa unaoukabili awaone wanaume wenyewe wakishuka na mbege gizani. Picha zimetawanyika, baadhi ziko Marekani, nyingine Ulaya, nyingine katika nchi zetu. Lakini kuzipiga picha si kazi ngumu siku hizi, na maneno ya kuzieleza mchoraji aliyaandika yeye mwenyewe, kwa Kiswahili.